Koti la Kijani na Kona ya Tatu

Kila Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu jioni, Horace Sugden alikuwa akitoka na reki yake kwenda kusawazisha bustani iliyokwisha kusawazika. Hakuhitaji kutazama saa. Ilianza harufu, ya mafuta ya mbarika yaliyoungua, yale ya injini za mbio, ikamkuta jikoni anakunywa chai. Halafu mlio wa pikipiki moja ukasikika kwa mbali, upande wa nyumba namba kumi, ukaja ukipanda, ukapita ukuta wa jirani, ukafika kwake, ukakatika. Haukuwahi kumaliza kona. Kwa miaka thelathini na mitano ulikatikia palepale, kwenye matuta yake ya viazi.

Majirani walishamzoea. "Mzee anaparaza tena," walisema, wakafunga dirisha. Walidhani ni uzee, na kwa kuwa alikuwa na miaka sabini na mmoja hakuna aliyehangaika kufikiria zaidi.

Nyumba yenyewe ilijengwa na halmashauri mwaka 1953, juu ya uwanja wa zamani wa mbio za pikipiki, na mtaa ulipinda kwa sababu uwanja ulipinda. Watu wote waligombania nyumba za mwanzo wa mtaa, karibu na basi. Horace aliandika barua kuomba namba kumi na nne. Mkewe, Mabel, alimuuliza kuna nini namba kumi na nne, mbona ndiyo yenye kibustani kibaya kuliko zote, ukichimba kiganja kimoja tu unakutana na changarawe nyeusi. Horace alisema anapenda upepo wa pale. Hakukuwa na upepo wowote pale. Palikuwa ni kona ya tatu, na yeye alijua hivyo kwa hatua, hata baada ya uzio na majukwaa kubomolewa.

Sasa, ukimuuliza mzee yeyote wa mji wetu wa Skelby habari za timu ya Vipanga, atakusimulia mpaka chai ipoe, utadhani timu ile ilidumu miaka hamsini. Ilidumu msimu mmoja na nusu. Ilianza Pasaka ya mwaka 1948 na ikafa Agosti ya mwaka uliofuata, na nusu ya hao wanaojigamba leo walikuwa hawaji uwanjani mvua ikinyesha, na huku Yorkshire, Uingereza, ni wiki gani mvua hainyeshi? Lakini ilikuwa timu yetu, hilo nakubali. Bwana Pickersgill, aliyekuwa na bucha la nguruwe, aliipa jina, akaishonea fulana za njano zenye kipanga mweusi kifuani, akaomba mgodini mabaki ya makaa ya mawe yaliyoungua kwenye matanuri, tani kwa tani, yakamwagwa na kusagwa mpaka yakawa changarawe nyeusi ya njia ya mbio. Kwa hiyo wanaume wa Skelby walichimba makaa Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi wakaenda kutazama watu wakizunguka juu ya majivu yake.

Horace alikuwa mmoja wa watu wanne wa reki. Kazi yao ilikuwa hivi: pikipiki nne zinazunguka mara nne, hazina breki, zina gia moja, zinaingia kwenye kona kwa ubavu huku gurudumu la nyuma likirusha changarawe yote kwenye uzio wa nje. Mbio zikiisha, watu wa reki wanakimbia, kila mtu kwenye kona yake, wanaivuta changarawe kutoka uzioni na kuirudisha ndani. Wana dakika mbili. Wakimaliza, wanazisukuma pikipiki za raundi inayofuata, maana haziwaki bila kusukumwa. Horace alikuwa wa kona ya tatu, penye mlango wa mafundi, na pikipiki aliyoisukuma zaidi ya zote ilikuwa ya Denny Lomas.

Denny alikuwa namba moja wa Vipanga. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mfupi, mwenye maneno mengi, na alipenda kupita nje kabisa, kiwiko karibu kinagusa mbao za uzio. Huko nje ndiko changarawe ilikobaki, na gurudumu likiipata changarawe linang'ata na pikipiki inaruka mbele kama imepigwa teke. Horace alilijua hilo. Kwa hiyo alipokuwa akiparaza, alimwachia Denny kidogo huko nje, mstari mwembamba, upana wa vidole viwili. Wenzake waliona wakanyamaza. Waliuita uzi wa Denny. Kila uwanja nchini ulikuwa na mtu wa reki aliyependa watu wa kwao, na asiyejua hilo basi hakuwahi kusimama uwanjani.

Kitu kingine ambacho lazima nikiseme ni rangi ya kijani. Watu wa mbio hizi hawaogopi kuvunjika shingo, ila wanaogopa kijani. Kijani hakiingii kwa mafundi. Mlango ulipakwa upya kwa ajili hiyo. Mama aliyewauzia chakula alikatazwa kupeleka njegere za kupondwa. Walikula pai zao za nyama zikiwa kavu, na aliyezitamani njegere alikwenda kuzila upande wa watazamaji. Tulicheka sana, na tukatii.

Nora, mke wa Denny, hakutii. Kuponi za mgawo wa nguo wa wakati wa vita zilipofutwa mwaka ule wa 1949, alinunua koti. Lilikuwa la kijani, kijani cha tufaha bichi, lenye mkanda kiunoni, na Jumamosi ile ya mwisho ya Agosti alilivaa akaja nalo uwanjani, akapita katikati ya wake za madereva bila hata kupunguza mwendo.

"Nora! Una akili wewe?" mke wa Pickersgill alimwambia. "Leo? Siku ya mechi na Hallbeck?"

"Nimevaa kahawia miaka minane, mama. Nimechoka na kahawia."

"Na Denny akianguka?"

"Akiangushwa na koti, basi pikipiki aiuze tukafuge kuku."

Wanawake walicheka, ingawa si wote. Maneno yale yalikuja kurudiwa Skelby kwa miaka, na kila aliyeyarudia aliyafanya makavu zaidi kuliko yalivyosemwa.

Siku hiyo Pickersgill alipita kwa mafundi akiwa mwekundu usoni. Watu walikuwa wamepungua uwanjani mwezi hadi mwezi. "Nisikilizeni," alisema. "Tukipigwa na Hallbeck leo, Jumatatu nafunga geti na sifungui tena. Sina maneno mengine." Horace alisikia akiwa ameegemea reki yake. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, kazi yake ilikuwa chini ya ardhi, na katika wiki nzima hakuwa na kitu kingine cha kusubiri isipokuwa Jumamosi.

Ikafika raundi ya mwisho na Hallbeck wako mbele kwa pointi mbili. Denny alitakiwa kuwa wa kwanza, na mwenzake wa pili, la sivyo basi. Njia ilikuwa imekauka, imekuwa ngumu na ya kuteleza. Horace alikimbia kwenye kona yake na reki, na kile alichokifanya alikifanya kwa mapenzi, hilo hata waliomhukumu baadaye hawakulikataa. Hakuvuta changarawe ndani. Aliisukuma nje. Alichukua na ya ndani akaiongeza, upana wa mkono mzima, kina cha kisigino, akaisawazisha juu kwa mgongo wa reki ili mwamuzi asione. Alitaka Denny akifika pale apate nguvu ambayo hajawahi kuipata. Alitaka iwe zawadi.

Kisha akakimbia mlangoni kumsukuma. Denny alikuwa ameshakaa juu ya pikipiki, kofia imefungwa, kitambaa kimemfunika mdomo na pua. Horace alifungua kinywa amwambie. Alikuwa na maneno tayari: nje nimekuachia nyingi, ingia taratibu. Ila Denny alianza yeye kusema, akiwa anatazama jukwaani, na Horace akamsikiliza, akacheka. Bendera ikapungwa. "Nisukume, Horace," Denny alisema, na Horace akaweka viganja viwili kwenye mgongo ule wa ngozi, akasukuma.

Mizunguko miwili ya kwanza Denny alipita ndani, nyuma ya mtu wa Hallbeck. Mzunguko wa tatu akatoka nje, akafuata uzi wake. Gurudumu lilizama, likang'ata, na pikipiki ikanyooka yenyewe. Haikupinda tena. Ilikwenda moja kwa moja kwenye mbao, na mlio wake ukakatika.

Dereva akianguka, raundi inarudiwa, na kabla ya kurudiwa watu wa reki wanasawazisha. Ndiyo kanuni. Wakati machela inapita, king'ora cha kuwaita watu wa reki kilipigwa, na Horace aliinua reki akafanya kazi yake. Aliivuta changarawe yote ndani. Alifunika alama ya gurudumu, akafunika na mahali lilipozamia, na mwamuzi alipokuja kutazama alikuta kona safi kuliko zote uwanjani. Akaandika kwenye karatasi yake kwamba dereva alikosea mwenyewe. Raundi ilirudiwa, Hallbeck wakashinda. Denny alifariki hospitali Jumapili kabla ya kifungua kinywa, na Jumatatu Pickersgill akafunga geti.

Kufikia Jumatano mji mzima ulikuwa na jibu, na jibu lilikuwa koti. Nora akiingia kwenye foleni ya samaki na chipsi, mazungumzo yanazima. Mama mmoja alimvuta binti yake asimguse. Huu ndio mji wetu, ambao kila anayeusifu huanza na ukarimu wake.

Wiki mbili baada ya mazishi Nora alimfuata Horace uani kwake, mtaa wa zamani, kabla hajahamia namba kumi na nne. Koti alikuwa amelibeba mkononi, limekunjwa ndani nje ili bitana tu ionekane.

"Horace, wewe ndiye uliyekuwa naye pale mlangoni," alisema. "Niambie tu. Unaamini ni hili?"

Angeweza kusema. Mabel alikuwa dukani, hapakuwa na mtu. Alimtazama Nora, macho mekundu, mwanamke wa miaka ishirini na minne, na akawaza mwamuzi, akawaza polisi, akawaza wanaume wa zamu yake mgodini watakavyomtazama kwenye lifti ya kushukia shimoni.

"Watu wanasema hivyo," alijibu.

"Sijauliza watu."

"Ingekuwa vizuri usikae nalo ndani, Nora."

Horace alikuwa na debe la mafuta ya mbio lililobaki, yale ya spiriti. Alilileta yeye mwenyewe. Alilimwagia koti juu ya mawe ya uani, akawasha kiberiti. Moto wa spiriti ile hauonekani mchana. Walisimama wawili wakitazama koti likijikunja, likisinyaa mikono, likiwa jeusi kuanzia kwenye kola, na hakuna mwali wowote machoni. Nora alisema, "Hata moto wake hautaki kuonekana." Kisha akamshukuru. Ndiyo, alimshukuru, akaenda zake, na tangu siku hiyo Horace alianza kuisikia pikipiki.

Nora hakuolewa tena. Alipika chakula cha mchana shuleni kwa miaka thelathini, akavaa kijivu. Kabichi, kwa kuwa ni la kijani, alilifungia kwenye gazeti hukohuko dukani, na wenye duka walikuwa wakimfungia kabla hajasema. Akikutana na Horace barabarani alisema "Horace," naye akasema "Nora," basi. Mabel alipokufa, Nora alileta pai akaiacha mlangoni bila kugonga hodi. Horace aliitazama ile pai siku mbili. Hakuweza kuila.

Mwaka 1988, mwezi wa Agosti, binti wa maktaba aliyeitwa Gillian Firth alikuja namba kumi na nne na bahasha kubwa. Maktaba ilikuwa inaandaa maonyesho ya miaka arobaini ya Vipanga. Alikuwa mchangamfu, anaongea haraka.

"Bwana Sugden, wewe ndiye wa mwisho uliyebaki. Umelijua hilo? Wa mwisho kabisa!"

"Nimelijua, mwanangu. Nimehudhuria mazishi yote."

"Basi nataka usome maandishi ya bango kubwa, useme kama ni sawa, utie saini hapa chini. Wenzangu wanasema bila mtu wa enzi zile hatutaaminika."

Horace alivaa miwani. Bango lilikuwa na picha ya Denny, akicheka, na maandishi makubwa juu: KOTI LILILOUA TIMU. Chini yake hadithi yote, mkanda, tufaha bichi, na yale maneno ya kufuga kuku. Na jina: Bi Nora Lomas, ambaye bado anaishi Skelby.

"Watu wataipenda hii," Gillian alisema. "Nimemsimulia mama yangu, nywele zilimsimama."

"Mwenyewe ameiona?"

"Nani?"

"Nora."

"Ee, nilimpelekea. Nilidhani atakasirika, ujue. Akasoma yote, akanirudishia. Akasema, 'Andikeni. Ndivyo ilivyokuwa.'"

Kalamu ilikuwa mkononi mwa Horace. Aliiweka chini, juu ya meza, akaisogeza mbali kidogo.

"Niachie mpaka Jumatatu."

"Kuna kosa, Bwana Sugden?"

"Kuna tarehe nataka kuitazama."

Lile neno, ndivyo ilivyokuwa, lilikaa naye siku tatu. Kwa miaka yote Horace alikuwa akijidanganya kwamba Nora, mwanamke mwenye akili, lazima alishalitupa lile jambo la koti. Kumbe alikuwa amelibeba, na sasa yuko tayari libandikwe ukutani na jina lake chini, watoto wa shule aliowapikia waje walisome.

Jumamosi alivaa suti yake ya mazishi. Hakuchukua reki. Alipotoka, harufu ilikuwa imeshaanza jikoni, akaiacha humo akafunga mlango. Nora aliishi safu ya zamani karibu na mgodi, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu ya mzee, na Horace alikuwa na hakika kwamba huko hatasikia kitu.

Nora alifungua mlango akiwa na aproni. Kabla hajasema neno, mlio ukaja. Ulitoka mbali, upande wa mtaa uliopinda, ukapanda vilevile, na ukakatika vilevile. Horace aliganda kizingitini. Ndipo alipoona kwamba Nora naye amegeuza kichwa upande uleule.

"Ingia," Nora alisema. "Ikishakatika hairudi mpaka Jumamosi nyingine."

"Unaisikia?"

"Tangu mwaka ule. Nilidhani ni mimi tu. Ingia, joto linatoka."

Horace akaketi mezani, kofia magotini. Nora aliweka birika juu ya jiko, na Horace akaanza kusema kabla maji hayajachemka, kwa kuwa alijua akipewa kikombe atanyamaza. Alisema uzi. Alisema reki, na mgongo wa reki, na kina cha kisigino. Alisema king'ora, na jinsi alivyovuta changarawe yote ndani huku machela bado haijatoka getini. Hakujitetea. Birika lilipiga mluzi muda mrefu, hakuna aliyeinuka, mpaka Nora akanyoosha mkono akazima.

"Kwa hiyo halikuwa koti," alisema.

"Halikuwa koti."

"Na mafuta ulimwaga wewe."

"Nilimwaga mimi."

"Nilikuuliza, Horace. Nilikuja mpaka kwako. Nilikuuliza kwa mdomo wangu huu."

"Uliniuliza."

Nora alikuwa akifuta meza kwa kiganja, mahali pasipo na kitu. "Watu wa Skelby sikuwajali sana," alisema. "Usidhani ni wao. Unajua kilichonimaliza ni nini? Aliniona. Pale mlangoni, wewe umesimama nyuma yake. Alitazama juu, akaniona na koti, halafu akainamisha kichwa. Nikajua nimemtia hofu. Alikwenda kwenye ile kona na hofu niliyompa mimi. Hiyo ndiyo ninayolala nayo."

Yote Horace aliyoyasema hadi hapo alikuwa ameyapanga njiani. Hili hakuwa amelipanga, kwa sababu hakuwahi kujua kwamba Nora aliona kitu chochote kutoka kule jukwaani.

"Hakuwa na hofu," alisema. "Alikuwa anacheka."

"Nilimwona."

"Uliona kitambaa. Kitambaa kilimfunika mdomo. Aliinamisha kichwa kwa kicheko, Nora. Mabega yalikuwa yanamtikisika, mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake."

"Unajuaje kilichomchekesha?"

"Aliniambia."

Nora aliacha kufuta meza.

"Nilikuwa nataka kumwambia habari ya changarawe," Horace alisema. "Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Akanikatiza. Akasema, 'Mwone yule. Nilimwambia asithubutu, na amelivaa. Watu elfu nne pale juu, Horace, na mimi namwona mmoja tu.' Halafu akasema, 'Limempendeza, au sivyo?' Nikacheka. Bendera ikapungwa. Akasema nisukume, nikamsukuma. Ningesema yale maneno yake kwa mtu yeyote, ningelazimika kusema na kwa nini nilikuwa nimefungua mdomo."

Nora aliinuka, akaenda dirishani, akampa mgongo. Alikuwa mdogo sana ndani ya ile aproni. Horace akainua kofia yake magotini, aondoke.

"Ile changarawe," Nora alisema bila kugeuka, "pengine ningekusamehe. Kila mtu alimpenda Denny kijinga, na mimi nilikuwa wa kwanza. Pengine hata lile debe la mafuta. Lakini hayo maneno yalikuwa yangu."

"Najua."

"Hukuambiwa wewe. Wewe ulikuwa umesimama tu hapo. Yalikuwa yangu, ukayaweka miaka thelathini na tisa, unayatia mfukoni unakwenda nayo mgodini na kurudi nayo. Hayo sikusamehi, Horace."

"Sikuja kuomba msamaha."

"Vizuri. Ulikuja kufanya nini?"

"Jumatatu nakwenda maktaba. Nitawaambia waandike jina langu."

"Fanya utakavyo na maktaba." Aligeuka. Uso ulikuwa umelowa, na hakujisumbua kuufuta. "Alisema elfu nne?"

"Elfu nne."

"Hawakufika elfu nne siku ile. Hata elfu mbili hawakufika."

"Hawakufika. Alikuwa anajigamba."

Sauti fulani ilimtoka Nora, nusu yake ilikuwa kicheko. Alisema jina la mumewe, mara moja, taratibu. Akavuta kiti, akaketi mbele ya Horace, karibu, magoti yao karibu yagusane, akamtegea sikio kama mtu anayesikiliza redio yenye betri zinazokwisha.

"Rudia," alisema.

Horace akarudia.

"Mara hii anza pale aliponitazama. Na usiyaharakishe, si yako."

Horace akavua miwani, akaiweka mezani, akaanza tena tangu Denny alipokaa juu ya pikipiki.